Wapiga Besi na Mapenzi ya Amplifaya Kubwa za Zamani

Vijana wawili walikipandisha kile kichwa cha amplifaya huku mwengine yuko nyuma anawaelekeza, na ngazi za nyumba za Mji Mkongwe, Zanzibar, mnazijua, nyembamba, za giza, kidaraja hichi kirefu kile kifupi. Karibu kilo 40 hizo na hicho ni kichwa peke yake, boksi lenye spika nane lilikuwa bado liko barazani. Ampeg SVT, ya miaka ya sabini. Ami yake mpiga besi wetu anaishi Marekani, aliinunua kwa mtu, akaitia kwenye kontena pamoja na magodoro na baskeli, na baada ya kungoja sana ndo hiyo imefika chumba cha mazoezi.

Tukaiwasha. Ina swichi mbili, ya kwanza inapasha moto zile valvu, yani zile taa za kioo zinazokuza sauti, unasubiri kidogo, afu ndo unaifungua ya pili. Kijana akapiga waya mnene ukiwa wazi, ile E ya chini kabisa, akauacha ulie mpaka ufe wenyewe.

Wallahi haikuanzia masikioni. Iliingia nyayoni, ikapanda magotini, ikakaa kifuani. Madirisha yakatetema, kikombe cha kahawa kikahama mahali pake juu ya meza. Tukaanza wimbo, na vijana wote wanacheka kwa raha.

Mlangoni alikuwa amekaa mzee mmoja ambaye kapiga besi kubwa ya kusimama kwenye taarab miaka na miaka. Akainuka, akaweka kiganja juu ya boksi la spika, akafumba macho mpaka wimbo ukamalizika. Afu akasema, "Mashaallah, sauti nzuri mwanangu. Sasa mwimbaji yuko wapi?"

Mwimbaji alikuwa kasimama mbele yake, kashika maikrofoni.

Wiki kadhaa sasa hilo swali haliniachi.

## Si kelele wanayoitafuta

Mie kazi yangu ni mikisa, ile meza ya kuchanganya sauti. Nakaa nyuma ya meza kwenye maharusi na matamasha, kwa hivyo swali la mwimbaji yuko wapi naulizwa mimi kila siku, na mara nyingi jibu ni kwamba besi imemfunika. Ningeweza kusema basi wapiga besi wanapenda makelele, yakaisha. Lakini si kweli, na anayesema hivyo hajawahi kukaa na mpiga besi akamsikiliza anachokieleza.

Wanachokipenda ni namna amplifaya ya valvu inavyojibu kidole. Ndani ya ile SVT mna valvu 14, sita kati ya hizo ndo zile nene zinazosukuma nguvu ya mwisho. Ukizisukuma kupita pale zinapojiweza hazikatiki ghafla. Kile kilele cha sauti zinakibana kidogo kidogo, pigo linakaza afu linalegea polepole kama kamba ya nanga jahazi likivutwa na wimbi, na papo hapo zinaongeza sauti ndogo ndogo za juu juu ya ile noti, ambazo ndo zinazolisaidia sikio kuikamata noti nzito hata pale gitaa na kinanda vimejaa. Transista, vile vidude vidogo vilivyokuja kushika nafasi ya valvu, ukiisukuma hivyo mara nyingi inakwaruza. Kwa hivyo mpiga besi wa valvu anazungumza na mashine yake kwa vidole, akipiga kwa nguvu inamjibu hivi, akibembeleza inamjibu vyengine. Hayo si mapenzi ya kelele.

Hapo nikaona nimeshapata jibu.

Afu mambo yakaanza kunichanganya. Mana ukiangalia kina nani wanatajwa tajwa, Jaco Pastorius, ambaye kila mpiga besi duniani kamwiga angalau siku moja, alikuwa anatumia Acoustic 360, na ile ni ya transista, haina valvu hata moja. Ina wati 200 na spika moja ya inchi 18 iliyogeuzwa nyuma ndani ya boksi lake. Lemmy, mpiga besi wa bendi ya rock ya Motörhead, naye alipiga kwenye Marshall za valvu, sawa, lakini vitasa vya kuzungusha vya besi na vya sauti ya juu alivirudisha chini, cha katikati akakipandisha mpaka mwisho. Yani huyo ambaye watu wanamtaja kwa uzito, uzito wenyewe kauzima.

Na kubwa zaidi, kile kitasa chetu cha kupandisha sauti siku ile kilikuwa hakijafika hata robo. SVT ina wati 300. Kwenye robo ya kitasa ndani ya chumba kile zile valvu hazijaguswa, zimelala. Ule utamu wa kubanwa na kulegea niliouelezea hapo juu ulikuwa haujaanza kabisa.

Sa kama hazijaguswa, tulikuwa tunacheka kwa raha ya nini?

## Mtu aliyetaka asikike tu

Nikarudi nyuma kwenye asili ya yenyewe. Kampuni ya Ampeg ilianzishwa na Everett Hull, na Hull alikuwa mpiga besi ya kusimama, ile ile ya kwenye taarab. Shida yake ilikuwa moja, hasikiki bendi ikishapamba moto. Dawa aliyoitafuta ni kutia maikrofoni kwenye ule mguu wa chini wa besi na kuipeleka kwenye amplifaya. Basi. Alitaka sauti ya besi iwe ile ile, safi, ila iwafikie watu. Rock hakuipenda na sauti iliyochubuka hakuitaka kabisa.

Lakini miaka ile muziki ulihama kumbi ukaenda viwanjani. Mwaka 1965 The Beatles walipiga Shea Stadium, New York, mbele ya zaidi ya watu 55,000, na amplifaya za Vox za wati 100 zilizotengenezwa maalumu kwa ajili yao, na bado makelele ya watu yakawafunika. Hakukuwa na mitambo ya kumchukua kila mpigaji na kumsambaza uwanja mzima kama tunavyofanya leo. Mpiga besi alitakiwa aufikie uwanja kwa spika zilizo mgongoni kwake. Ampeg iliuzwa mwaka 1967, Hull akaondoka mwaka uliofuata, na 1969 ndo ikatoka SVT. Za mwanzo kabisa walizunguka nazo Rolling Stones kwenye ziara yao ya Marekani mwaka ule ule, na kwa wati zake boksi moja la spika nane lilikuwa halitoshi kubeba mzigo, zikawekwa mawili kwa kichwa kimoja.

Kwa hivyo ukubwa wake ulikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa kukosekana kwa mtu kama mimi. Leo mimi nipo, na mikisa ipo, na spika za mbele zipo. Amplifaya ya jukwaani kazi yake imebaki kumsikilizisha mpigaji mwenyewe na wenziwe wawili watatu.

Nikasema sawa, basi haya ni mapenzi ya kitu ambacho kazi yake imekwisha. Nikataka kuandika hivyo.

Nikashindwa, mana kifua changu siku ile kilinambia vyengine.

## Chumba cha boriti

Nyumba zetu za mawe upana wa chumba hauzidi urefu wa boriti ya mkoko. Ndo mana vyumba ni virefu na vyembamba, upana wa mita tatu hivi, fundi wa zamani hakuwa na mti mrefu zaidi. Kuta nazo ni nene, mawe ya matumbawe na chokaa, plasta juu yake.

Ile E ya chini ya besi ni mitetemo 41 kwa sekunde. Ukigawa mwendo wa sauti hewani, wimbi lake moja lina urefu wa zaidi ya mita nane. Mita nane ndani ya chumba cha mita tatu! Halina pa kukaa, linakwenda linarudi ukutani, pahala pengine linajipa nguvu na pahala pengine linajiua lenyewe. Nimetembea nalo. Pembeni kwa dirishani besi imejaa mpaka unakereka, hatua mbili kuelekea katikati imetoweka. Noti moja inavuma, ya jirani yake husikii kitu. Mpigaji anaposimama pale ilipotoweka anapandisha kitasa, na aliyekaa pembeni anakufa.

Mzee wetu alikuwa amekaa mlangoni, mwisho wa chumba, ukutani kabisa.

Na besi haizuiliki na ukuta ule. Sauti ya mtu itaishia ndani, fidla itaishia ndani, jirani wa ghorofa ya chini anachokipata ni dum dum dum peke yake, wimbo hana. Sisi tuna kanuni kwamba adhana ikianza kila kitu kinazimwa, na ni lazima, lakini jirani ana mtoto mchanga na mgonjwa pia, na hao hawana adhana ya kuwaombea.

Uwanjani ni hadithi nyengine. Ngome Kongwe kwenye Sauti za Busara hakuna paa la kuirudisha besi, inapanda juu na kwenda zake, na pale unafahamu kabisa kwa nini mtu alitengeneza kitu cha wati 300.

## Sikio lenyewe

Hichi ndo kilichonigeuza mawazo, na nadhani wapiga besi wengi hawajui kwamba wana ushahidi upande wao.

Mwaka 1933 Fletcher na Munson, watafiti wa maabara za Bell kule Marekani, walipima namna sikio la binadamu linavyosikia sauti nene na nyembamba. Sikio letu ni zito kwa sauti nene, hasa zikipunguzwa. Ukiupunguza muziki wote kwa kiasi kile kile, besi inapotea mwanzo, sauti za kati zinabaki. Ukiupandisha, besi inarudi kwa kasi kuliko vyengine. Jaribu nyumbani na redio yoyote utaona.

Kwa hivyo kijana anaponambia "mzee wa mikisa, ukinishusha unaniua", hasemi uongo. Nikimshusha nusu sikio lake linapokonywa zaidi ya nusu. Besi nzima nzima, yenye mwili, inapatikana kwa sauti kubwa au haipatikani. Na ile sauti ya kifuani iliyotuchekesha kwa raha ilikuwa hiyo, besi iliyofika pale mwili unapoanza kuisikia pamoja na sikio. Chochote chenye nguvu ya kutosha kingeifanya, valvu au si valvu.

Ila sikio hilo hilo ndo linaloliwa. Kwa kipimo wanachotumia wataalamu wa afya ya kazini, desibeli 85 ni saa nane kwa siku, na kila ukiongeza 3 muda unakatika nusu, ukifika 100 una dakika 15 tu. Mazoezi yetu ni ya saa mbili tatu. The Who, bendi ya rock ya Uingereza, mwaka 1976 kule London walipimwa desibeli 126 umbali wa mita 32 kutoka kwenye spika, wakaingia kwenye kitabu cha Guinness, na baadae kitabu kikaiacha rekodi hiyo kwa kuogopa watu watajiua masikio wakishindana. Pete Townshend, mpiga gitaa wao, kasema wazi wazi namna masikio yake yalivyoharibika.

Kuna kijana kanambia baada ya mazoezi sikio lake linalia mpaka asubuhi, na akanambia anacheka, kwamba ndo anajua siku hiyo wamepiga kweli. Mie sikucheka. Sikio hilo likishachoka litataka besi zaidi ili lisikie kama jana, na kitasa kitapanda, na hakuna fundi Darajani wala Mwanakwerekwe anayeuza sikio.

## Mwezi ule hatukuwa na umeme

Mwaka 2008, Mei mpaka Juni, waya wa baharini ulipoharibika na kisiwa kizima kikalala giza, maharusi hayakusimama. Wenye jenereta walikuwa na jenereta. Wengine wakaita kidumbak, muziki wa harusi usiohitaji umeme.

Nakumbuka harusi moja Ng'ambo, kandili zimetundikwa ukutani, na mpiga sanduku kakaa katikati. Sanduku mnalijua, boksi la mbao, uzi mmoja, fimbo moja. Nilikaa karibu yake kabisa nikawa naangalia mikono. Mkono wa kushoto unaikamata fimbo, ukiivuta uzi unakaza noti inapanda, ukiilegeza inashuka, na ni kwa kukisia tu, hakuna alama, hakuna pa kuangalia. Wa kulia unadonoa uzi kwa kidole kimoja kilichofungwa kitambaa. Kila akidonoa ubao unatetema na sakafu inatetema, na mie niliyekaa chini naipokea mapajani. Wanawake wanacheza, vidumbak vinalia, fidla iko juu yao, na mwimbaji hana maikrofoni na kila neno nalisikia.

Besi mwilini, na mwimbaji yupo.

Nguvu ya lile sanduku ni ndogo mno ukiipima kwa wati. Lakini lilikuwa katikati ya watu, hatua moja kutoka kwao, juu ya sakafu ile ile waliyokaa. Sisi tumelichukua besi tukaliweka nyuma ya jukwaa, mbali, nyuma ya ngoma, afu tunatafuta wati za kuvuka ule umbali.

Hapo ndo nikajua nataka kusema nini. Kinachopendwa ni besi ya karibu, inayojibu kidole na kuingia mwilini, na ukubwa wa zile amplifaya ni njia moja tu ya kuipata, njia iliyozaliwa na viwanja vya Marekani vya miaka ya sitini. Chumba cha boriti kina njia yake.

## Wati 30

Kampuni ile ile, kabla ya SVT, ilitoa B-15 mwaka 1960. Wati 25 mpaka 30, spika moja ya inchi 15, kichwa unakipindua unakifungia ndani ya boksi ukimaliza kazi. James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya rekodi ya Motown, alikuwa nayo, na besi yake watu wanaiiga mpaka leo. Na studio kule Detroit mara nyingi gitaa lake lilichomekwa moja kwa moja kwenye mikisa, bila amplifaya yoyote.

Na hesabu iko hivi, watu wengi hawaiamini mpaka waijaribu: wati 300 hazisikiki mara kumi ya wati 30. Zinasikika kama mara mbili tu. Ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli 3, sikio linaona tofauti ndogo. Lakini amplifaya ya wati 30 ukiisukuma ndani ya chumba valvu zake zinafanya kazi kweli, zinabana, zinalegea, zinajibu, na jirani anaweza kulala akiwa mbali kidogo. Utamu wote ambao SVT yetu inao na hatujawahi kuufikia uko pale chini, kwenye kitu anachokibeba mtu na mwenziwe.

Kwa hivyo vijana mnaotafuta, na najua mko wengi, mnaangalia picha za maboksi marefu kuliko nyie, tafuteni ndogo. Nasema kwa kuwapenda.

Sisi kwa sasa boksi tumelitoa pembeni, tumelinyanyua juu ya meza ngumu ili spika zimtazame mpigaji usoni badala ya magotini, na yeye kasogea, kasimama hatua moja mbele yake. Kitasa kimeshuka sana. Mwimbaji karudi. Kijana anasema kuna kitu amepungukiwa, na kwa yale ya Fletcher na Munson ni kweli amepungukiwa, siwezi kumbishia, tunaendelea kuvutana mie na yeye mpaka leo. Ameomba siku moja ya uwanja wa wazi, Maisara au popote pa nje, aipige mpaka zile valvu ziamke. Nimemkubalia, kwa sharti la vizibo vya masikio kwa kila atakayepanda jukwaani.

Na kama yako inakuja kwa kontena kutoka Marekani, sikiliza hili kabla hujaichomeka. Kule umeme wao ni volti 120, huku 230, kwa hivyo lazima transfoma ya kushusha, na iwe kubwa, si zile ndogo za kuchajia simu. Hata ukishusha volti, umeme wetu unapiga mara 50 kwa sekunde na wao 60, transfoma iliyotengenezwa kwa 60 tu inapata moto zaidi huku, ipe nafasi ya kupumua, usiibane ukutani. Usiiwashe kamwe bila spika kuunganishwa, utaunguza transfoma ya kutolea sauti, na hiyo kuipata ni kazi. Na usiifungue mwenyewe. Ndani mna volti zinazofika 700, na kapasita zake zinashika umeme hata baada ya kuchomoa waya. Hewa yetu ina chumvi, miguu ya valvu itaota kutu, utasikia inakwaruza, mkono utakuwasha kufungua. Mpelekee fundi ambaye kashawahi kutengeneza redio za valvu, bado wapo mjini, wengi ni watu wazima, na mwambie mapema kwamba utakaa umwangalie anavyofanya.